Ramani ya mtaa ionekane kabla X haijapigwa

Mauziano ya kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam hufanyika hivi. Muuzaji na mnunuzi wanakwenda ofisi ya serikali ya mtaa na mashahidi wao. Majirani wa pande nne wanaitwa kuthibitisha mipaka, mkataba unaandikwa, picha za pasipoti zinabandikwa, mwenyekiti anasaini. Mara nyingi mnunuzi huombwa na "asilimia kumi" ya mtaa. Katika hatua zote hizo hakuna anayefungua ramani. Hakuna anayeuliza eneo hili limepangiwa nini, barabara itapita wapi, maji ya masika yanaelekea wapi. Mwenyekiti naye hana ramani ya kufungua. Miaka inapita, nyumba inasimama, watoto wanazaliwa humo, halafu asubuhi moja wanapita watu wa serikali na rangi nyekundu na kuandika X ukutani.

Tumelizoea jambo hili mpaka tunaliona la kawaida. Halipaswi kuendelea. Tunasema wazi: kila halmashauri ya mji, manispaa na jiji iwekewe lazima ya kisheria ya kuonyesha hadharani mchoro wa mipango miji wa kila mtaa, pamoja na hifadhi za barabara na mabonde ya maji. Na mchoro ambao haukuonyeshwa usitumike kumbomolea mtu nyumba bila fidia. Vifaa vya kufanya hivyo vipo, wataalamu wapo. Kinachokosekana ni amri.

Kazi ni ya nani, sheria imeshasema. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inazitambua halmashauri kuwa mamlaka za upangaji. Halmashauri ndiyo inayoandaa mpango wa jumla wa mji na michoro ya kina ya maeneo, wananchi wakishirikishwa, kisha mchoro unapanda wizarani kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji kuidhinishwa. Baada ya hapo mwananchi anaachwa njiani. Mchoro ukishaidhinishwa unaingia kwenye jalada, na anayetaka kuuona lazima ajue pa kuanzia: namba ya mchoro, jina la afisa, siku ambayo afisa huyo yupo ofisini. Fundi ujenzi aliyeweka akiba miaka kadhaa ili apate robo eka Chanika hayajui hayo.

Dar es Salaam yenyewe imekaa muda mrefu na ramani iliyopitwa na wakati. Mpango kabambe wa kwanza ulikuwa wa 1949, ukafuata wa 1968, kisha wa 1979. Huo wa 1979 uliandaliwa mji ukiwa haujafikisha watu milioni moja, nao ukabaki ndio mpango wa jiji kwa zaidi ya miongo mitatu, hadi ulipoandaliwa huu wa 2016 hadi 2036. Sensa ya 2022 ilihesabu mkoani watu milioni 5.4. Watu hao hawakungoja mpango. Walinunua mashamba ya wenyeji, wakakata vipande, wakajenga. Makadirio yanayotajwa kila mara ni kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Serikali nayo ilijitahidi. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, Buyuni na kwingineko, na anayepita huko leo anaona tofauti kwa macho. Lakini mji ulikuwa unawapita wapimaji kwa mbali.

Kilichofuata kinajulikana. Desemba 2011 mvua zilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, na waliokuwa bondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Wengine walirudi, kwa kuwa riziki yao iko Kariakoo na Magomeni. Desemba 2015 tingatinga ziliingia bonde la Mkwajuni, Kinondoni, na nyumba nyingi kando ya Mto Msimbazi zikapigwa X. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda nje ya mji, ambako wenye nyumba waliambiwa wamo ndani ya hifadhi ya barabara, zaidi ya mita 120 kila upande kutoka katikati ya barabara. Humo mlikuwa na nyumba za ghorofa, maduka, nyumba za ibada, na watu waliokuwa wakilipa kodi ya majengo na bili ya umeme mwaka hadi mwaka. Mita za umeme zilifungwa, kodi ikapokelewa, na katika miaka yote hiyo ramani ya hifadhi haikubandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa ambako nyumba hizo zilikuwa zikiuzwa na kununuliwa.

Hatutetei kujenga bondeni. Bonde ni njia ya maji, na mtu anayeishi humo anahatarisha watoto wake na kuwazibia njia wa juu yake. Tunachokataa ni kumtwisha mzigo wote aliyenunua bila kujua, wakati mwenye kujua alikaa kimya. Na kutojua huku hakuwakumbi maskini peke yao. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, ndani kabisa ya bonde la Msimbazi, ikafurika masika baada ya masika mpaka mabasi yakazama matope. Mradi huo ulikuwa wa serikali, na ulikuwa na wahandisi. Kama ramani ya mafuriko ingekuwa wazi, ikisomwa na kila mkazi wa Magomeni na Kigogo, kelele zingepigwa kabla ya msingi kuchimbwa, maana wakazi wale wanalijua bonde hilo kuliko mshauri yeyote.

Ujuzi huo wa wakazi umewahi kuchorwa. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuingia katika kata zinazofurika, Tandale, Manzese, Buguruni na nyingine, wakiwa na simu, vifaa vya GPS na karatasi. Mradi uliitwa Ramani Huria. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya miguu. Waliandika mfereji una upana gani na kina gani, umejengwa kwa zege au ni udongo mtupu, unapitisha maji au umeziba taka. Wakazi waliwaonyesha maji yalipofika ukutani mwaka wa mafuriko. Baadaye wajumbe wa mashina walitembea nao uchochoro kwa uchochoro kuonyesha shina la huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi, mipaka iliyokuwa imehifadhiwa vichwani mwa wazee. Yote yaliingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani huru ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila kulipa senti.

Ramani ya namna hiyo mkazi anaisoma. Anauona msikiti, anauona mfereji ulio nyuma ya shule, anaiona nyumba yake. Mchoro wa mipango miji mara nyingi haumpi hayo. Umejaa namba za viwanja na vitalu, na pengine ulichorwa eneo likiwa pori, kwa hiyo hauonyeshi hata nyumba moja kati ya zile zilizokwisha kusimama. Tunachoomba kwa upande wa ufundi ni kuziweka ramani hizi mbili moja juu ya nyingine, ile ya serikali inayosema pawe na nini na ile ya wakazi inayosema pana nini. Kijana aliyemaliza Ardhi anaifanya kazi hiyo kwa kompyuta ya kawaida na programu ya bure ya QGIS.

Zanzibar walishatangulia kwa upande wa picha. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi iliendesha kazi ya kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, na waliozirusha walikuwa vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waliofundishwa hapo hapo nyumbani.

Bara nako mifumo haikosekani. Mwaka 2022 Operesheni ya Anwani za Makazi ilizipa barabara majina na nyumba namba, na sensa ya mwaka huo ikahesabu majengo zaidi ya milioni 14 nchi nzima. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Kibali cha ujenzi na viwanja vya halmashauri huombwa kwenye mfumo wa TAUSI ulio chini ya TAMISEMI. Masuala ya hati na pango la ardhi yamewekwa e-Ardhi, chini ya Wizara ya Ardhi. Ni kazi kubwa na tunaipongeza. Lakini tazama imemlenga nani. Imemlenga aliyekwisha kumiliki, ili alipe, na anayenunua kiwanja kilichokwisha kupimwa. Mtu anayesimama kwenye shamba la mihogo huko Mvuti, muuzaji ubavuni na fedha mfukoni, hajatengenezewa mlango, naye ndiye anayeujenga mji huu. Serikali iliyoweza kuifikia kila mita ya umeme kwa ajili ya kodi haiwezi kushindwa kumfikia mtu huyu kwa ajili ya taarifa.

Sasa yako mageuzi ya kitaifa. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, toleo la 2023. Mradi wa kuboresha usalama wa milki za ardhi unaendelea kwa mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia. Sera ikibadilika, sheria hufuata, kwa hiyo Sheria za Ardhi za 1999 na hii ya Mipango Miji zitakuwa mezani. Hofu yetu ni kwamba mazungumzo yatatawaliwa na hati: zimetolewa ngapi, zimebaki ngapi. Hati ni muhimu. Inamwezesha mjane kulinda nyumba yake na mfanyabiashara kukopa. Lakini wizara yenyewe imetufundisha utaratibu wa kupanga, kupima na kumilikisha, na kupanga ndiko kunakotangulia. Nchi ikihesabu hati tu itajikuta inamilikisha watu mabondeni na katikati ya barabara.

Kwa miaka mingi tumeufuata utaratibu huo kinyumenyume: mtu anamiliki, anajenga, kisha anapimiwa, na mpango unakuja mwisho kwa jina la urasimishaji. Wakazi wamechangishwa kwa ajili hiyo, kwa bei ambayo wizara iliiwekea ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja, na baadhi ya kampuni zilizopewa kazi zilichukua fedha na kuacha mitaa bila kitu. Hata hivyo urasimishaji umetuonyesha jambo moja ambalo wakubwa wa mipango hulisahau. Mkiwatandikia wakazi ramani mezani na kuwaambia gari la zimamoto halifiki kwenu, wanaelewa, na wanajadiliana. Huyu anatoa mita moja ya ua, yule anahamisha choo, mwingine anakataa, anaitwa na wazee, anarudi. Ubungo Darajani walifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazi wakikaa na wataalamu wa Chuo cha Ardhi mpaka njia zikakubaliwa. Kuna mabishano mengi katika vikao hivyo na vinachosha, lakini mtu aliyekubali mwenyewe barabara ipite uani kwake hataivamia kesho.

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni kwamba mipango ikiwekwa wazi, wenye fedha na madalali watawahi kununua pale barabara itakapopita. Wanawahi sasa hivi. Siri ya mchoro haijawahi kuwazuia wenye jamaa ofisini. Imewazuia wasio na jamaa. Ramani ikiwa ya wote, mwenye shamba naye anajua thamani ya ardhi yake kabla ya kuiuza kwa bei ya kutupa.

Jibu la pili ni faragha, nalo lina uzito. Majina ya wamiliki na mikopo yao hayahitaji kuwekwa hadharani. Kinachotakiwa ni matumizi: hapa makazi, hapa soko, hapa shule, hapa barabara ya mita 12, hapa njia ya maji, hapa eneo la wazi. Kwenye maeneo ya wazi ndiko faida ingeonekana mapema, kwa sababu viwanja vya michezo vya mitaa vimekuwa vikimegwa na kuzungushiwa ukuta huku majirani wakibaki kuulizana kama aliyejenga amepewa au amevamia.

La tatu ni kwamba si kila mtu ana simu ya kufungulia ramani. Ni kweli, na ndiyo maana tunataka karatasi. Ramani kubwa iliyochapishwa kwa rangi, ikafunikwa plastiki na kubandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, chini yake pameandikwa tarehe iliyoidhinishwa na namba ya simu ya afisa mipango miji. Nchi ina mitaa zaidi ya 4,200. Gharama ya kuchapa ramani moja kwa kila mtaa haiwezi kuitikisa bajeti ya halmashauri yoyote inayokusanya ushuru wa stendi na masoko.

Kigugumizi cha kweli kiko kwingine: nani atawajibika. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji, lakini wizara ilifungua ofisi za ardhi katika mikoa yote mwaka 2020 na shughuli nyingi za ardhi zikasogezwa huko. Mwananchi akienda manispaa anaelekezwa mkoani, akienda mkoani anarudishwa manispaa. Mageuzi yanayokuja yamalize jambo hili kwa sentensi moja isiyo na tafsiri mbili. Maoni yetu ni kwamba mchoro wa mtaa ubaki mikononi mwa halmashauri, kwa sababu diwani anachaguliwa na watu wa mtaa na anaweza kuulizwa mbele yao. Wizara isimamie viwango, itunze kanzidata moja ya taifa, na kuziadhibu halmashauri zinazoficha.

Majirani zetu wameonyesha kwamba haya si ndoto. Rwanda ilisajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 kati ya 2009 na 2013, wananchi wakionyesha mipaka yao juu ya picha za angani zilizochapishwa, na leo mpango kabambe wa Kigali uko mtandaoni ambako mtu anaangalia kiwanja chake kimepangiwa nini. Nchi hiyo ni ndogo na serikali yake ina mkono mzito, hatusemi tuige kila kitu. Nairobi nako, vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao mwaka 2009. Lakini mafuriko ya 2024 yalipokuja, waliokuwa Mathare na kando ya mito mingine waliamriwa kuondoka mita 30 kutoka ukingo, na wengi walishuhudia tingatinga zikifika kabla hawajajua mstari huo unapita wapi. Ramani iliyochorwa na watu bila kuingizwa katika sheria haiwezi kumsimamisha dereva wa tingatinga.

Ndiyo maana tunarudia sharti letu la fidia, ambalo litapingwa kuliko yote. Halmashauri au wakala wa barabara akishindwa kuthibitisha kwamba mchoro au hifadhi ilikuwa imebandikwa mtaani na kuwekwa mtandaoni siku mwananchi aliponunua, mwananchi huyo ahesabiwe kuwa alinunua kwa nia njema na alipwe. Bonde la Msimbazi limeonyesha kwamba inawezekana. Mradi ulioidhinishwa 2022 kwa mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia umewafanyia wakazi uthamini na kuwalipa ili wahame, na pamoja na malalamiko ya viwango, hali hiyo si sawa na ile ya 2015 ya kuamshwa na mtambo mlangoni. Halmashauri ikijua kwamba kuficha ramani kutailipisha, ramani itabandikwa ndani ya mwaka mmoja.

Wabunge watakaoletewa miswada ya ardhi na mipango miji tunawaomba wasiipitishe bila kifungu hicho. Madiwani hawana sababu ya kusubiri Bunge. Kamati zao za mipango miji zinaweza kuagiza leo michoro iliyokwisha kuidhinishwa itolewe masijala, ichapishwe na kupelekwa mitaani, na hakuna sheria inayowakataza.

Nawe msomaji, kama umepanga kununua kiwanja mwaka huu, usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujafika ofisi ya mipango miji ya halmashauri husika na kuomba kuona mchoro wa eneo hilo. Ukiambiwa haupo, au njoo kesho, andika barua, omba ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala mpelekee diwani wako.